Aliyeuza Rolex hajafulia

Mkandarasi mmoja rafiki yangu hapa Dodoma aliuza Rolex yake, Submariner, na mkononi akaweka Citizen ya laki sita. Wiki haikuisha kabla kijiwe chetu cha kahawa pale Majengo hakijatoa hukumu: kafulia. Mmoja akasema dalili alishaziona, maana hata gari hatembei nalo siku hizi. Gari lilikuwa gereji.

Nianze na hao waliomcheka, kwa kuwa hawakukosea kila kitu. Submariner ni saa ya kupigia mbizi, na si ya juzi. Ukoo wake unaanzia 1953. Ya rafiki yangu ilikuwa toleo la 116610LN, ringi ya juu inayozingira kioo ni ya kauri, kioo cha yakuti, imefungwa kuhimili maji hadi mita 300. Mashine ya namna hiyo fundi anaifungua, anaiosha, anabadili kilichochakaa, inarudi kazini, na inaweza kufanya hivyo mpaka mjukuu airithi. Saa nyingi za bei ya chini mashine ikifa haitibiwi: inang'olewa nzima na kuwekwa nyingine, au saa inatupwa. Tofauti hiyo ni ya kweli.

Ipo pia hoja ya heshima, na anayeibeza hajawahi kukaa kwenye benchi la kusubiri zabuni. Tangu Serikali ihamie huku na Mji wa Serikali ukainuka pale Mtumba, Dodoma imekuwa mji wa vikao. Mkandarasi mdogo anaingia ofisini hajulikani, na kabla hajafungua kinywa, viatu na mkono wake vimeshaongea.

Hoja yao ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: akiba haiozi. Saa imeuzwa milioni ishirini na nne, na fedha hiyo imeezeka boma lake la Iyumbu lililokuwa limesimama bila paa kwa misimu miwili ya mvua. Angekuwa na Casio tangu mwanzo, angeezekea nini? Nilipoisikia hoja hiyo kijiweni nilinyamaza kidogo.

Halafu nikakumbuka alivyoinunua. Aliinunua mapema 2022, miezi ileile bei za Rolex za mkono wa pili zilipopanda duniani kuliko wakati wowote, kabla hazijaanza kushuka. Akauza kwa hasara ya zaidi ya robo ya alichotoa. Kwa hiyo paa la Iyumbu halikutokana na saa kuzaa. Lilitokana na kile kilichosalia baada ya saa kula sehemu yake. Fedha ileile ingeingia kwenye mbao na mabati mwaka 2022, boma lisingenyeshewa misimu yote miwili. Saa ikitunza thamani ni heri, lakini anayeiita akiba aseme pia aliinunua lini, na nani atainunua kwake. Hapa Dodoma wanunuzi wa kitu kama hicho unawahesabu kwa vidole, na kila mmoja anaanza kwa kukuuliza kama ni oji. Ilibidi isafiri hadi Dar es Salaam, na dalali akapata chake.

Lakini si hasara hiyo iliyonigeuza. Nilimuuliza: mwaka mzima uliopita, uliivaa mara ngapi? Akaanza kuhesabu. Harusi nne, Krismasi, Pasaka, kipaimara cha binti wa dada yake, vikao vitatu vikubwa, na safari moja. Kumi na moja.

Namba hiyo imenikaa kichwani. Siku mia tatu hamsini na nne saa ile ililala kwenye droo, ndani ya soksi, chini ya vyeti vya shule vya watoto. Sasa fikiria maana yake kiufundi. Mashine ya 3135 iliyokuwa ndani yake hujazwa na mwendo wa mkono, na ukiivua inadumu kama saa 48 tu, kisha inasimama. Rolex husifiwa, na kwa haki, kwa kutopotea zaidi ya sekunde mbili kwa siku. Sifa hiyo rafiki yangu hakuwahi kuionja. Kila alipoitoa kwenye soksi ilikuwa imekufa, tarehe iko nyuma wiki tatu, na majira aliyarekebisha kwa kutazama simu. Mara kumi na moja kwa mwaka aliiuliza simu ya Tecno imwambie saa ngapi, ili aifahamishe Rolex.

Kwa nini hakuivaa? Kwenye saiti kuna nondo, mchanga na saruji, na kuna vibarua thelathini ambao mshahara wao wa mwaka haufiki bei ya saa ile. Aliona aibu mbele yao. Hilo aliniambia taratibu sana. Bodaboda usiku, hapana. Stendi, hapana. Ikabaki saa iliyotengenezwa kuhimili mita 300 za bahari, inayoogopeshwa na ndoo ya maji.

Na hata siku alizoivaa, heshima iliyokusudiwa ilifika? Tuseme ukweli kuhusu mji wetu: Rolex nyingi unazoziona mikononi ni feki, na nyingine ni feki nzuri. Kwa hiyo asiyejua saa akiiona anadhani ni ile ya elfu thelathini ya mezani. Mwenye kujua saa akiiona hafikirii uaminifu wako, anapiga hesabu ya faida uliyoiweka kwenye bei ya zabuni. Katikati ya hao wawili yuko nani? Mshabiki wa saa mwenyewe, anayeinama, anaitazama, anatabasamu. Rafiki yangu alikutana na mmoja, ndani ya SGR, wakaongea kutoka Morogoro hadi Dodoma. Anasema ile ndiyo siku pekee saa ilirudisha fedha yake. Namwamini, na sitaki kulidharau hilo.

Wapo wanaouliza: sawa, kauza, lakini kwa nini anunue tena saa ya kupigia mbizi, bahari ikiwa umbali wa kilometa zaidi ya mia nne kwa barabara? Kwetu mzamiaji ni yule anayeingia harusini bila kadi. Utani mzuri, ila hapo kijiwe kilipotea njia, kwa sababu saa ya mbizi Dodoma ina kazi nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kinachozuia maji kinazuia vumbi. Mfuniko wa nyuma wa kusokota, mpira wa kuzibia, na kile kichwa cha pembeni kinachofungwa kwa kuzungushwa: hivyo ndivyo vinavyoifanya saa ivuke miezi ya upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, bila mchanga kuingia kwenye mashine. Kisha kuna ringi ya juu. Kwa mpiga mbizi inahesabu dakika za hewa. Inazunguka upande mmoja tu, ili ikigongwa kwa bahati mbaya ionyeshe kuwa muda mwingi zaidi umepita, kamwe si mchache. Mkandarasi anaitumia kwa zege. Zege likishaguswa na maji, kawaida ni limwagwe na kushindiliwa ndani ya dakika 90, na kwa jua la Novemba hapa usingoje zifike. Anaweka alama kwenye mshale wa dakika, anaendelea kugomba na mafundi, na ringi ikigongwa na chepeo inamkosesha kwa upande wa usalama. Siku zote alizokuwa na Rolex, hakuwahi kuizungusha ringi yake kwa kazi.

Hiyo haina maana kwamba cha bei nafuu chochote kinafaa. Rahisi ghali, na kwenye saa methali hiyo ina mitego yake. Nyingi za Seiko 5 Sports zilizotoka tangu 2019 zina sura ileile ya SKX007, saa ya mbizi ya Seiko iliyoacha kutengenezwa mwaka huohuo, lakini zenyewe ni za mita 100 na kichwa chake hakifungwi kwa kusokotwa. Ni saa nzuri, si saa ya mbizi. SKX ilifikia kiwango cha ISO 6425, kipimo cha kimataifa cha saa za mbizi. Na anayeacha Rolex akanunua saa ya bei ndogo ya kujijaza kwa mwendo wa mkono akitegemea majira yaleyale, atalia. Mashine ya 4R36 ya Seiko inaruhusiwa kuzidi hadi sekunde 45 kwa siku. Kwa mwezi ni dakika zaidi ya ishirini. Treni haimsubiri mtu.

Ukitaka usahihi kwa fedha ndogo, kimbilia saa ya kwazi, yaani quartz, inayoendeshwa na betri. Casio Duro, mita 200, ambayo hata Bill Gates ameonekana nayo mkononi, nje ya nchi hupatikana kwa bei ndogo, na hukosea kama sekunde 20 kwa mwezi mzima. Submariner yenye afya, kwa sekunde zake mbili za siku, inaweza kufikisha 60. Shida ya Duro ni betri. Siku betri hiyo ikiisha utampelekea fundi wa chini ya mwavuli, naye ataifungua vizuri, ataweka betri, ataifunga, lakini ule mpira wa kuzibia hataupaka grisi wala kuubadilisha. Maji yataingia siku ya kwanza ya mvua, na lawama itaiangukia Casio.

Ndiyo maana alichagua Citizen Promaster ya mwanga. Mita 200, ISO 6425, sekunde 15 kwa mwezi, na betri haibadilishwi kila baada ya miaka miwili mitatu kwa sababu inachajiwa na jua. Jua tunalo, la kugawa. Mimi ningechukua Orient Kamasu, na sababu yangu ni kioo. Vumbi la Dodoma limetoka kwenye miamba ya granaiti, na ndani yake mna chembe za madini ya kwazi zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Yakuti ni 9. Kamasu ina yakuti kwa bei ya chini. Citizen yake haina, wala Duro. Kwenye jambo hili moja Rolex ilikuwa sahihi na yeye amerudi nyuma. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Kaka, kioo kinabadilishwa."

Jumamosi nilimkuta Iyumbu, wanamwaga zege la baraza. Mwashi mmoja akamuuliza, "Bosi, hiyo ringi ya nini?" Akaivua saa, akampa aizungushe mwenyewe, mikono ikiwa na saruji. Waliirushiana vijana watatu kabla haijarudi kwake, na kioo kimeshapata mkwaruzo mdogo, karibu na pale Mzungu anaposoma saa nne na sisi tunasoma saa kumi. Yeye aliifuta kwa shati akaivaa. Mkwaruzo niliutazama mimi.