Mke Wangu Ananidai Sifa Kumi na Moja

Jamani, kuna watu wanadaiwa kodi ya nyumba, kuna wanaodaiwa mahari. Mwenzenu nadaiwa sifa. Tena sifa za baridi.

Balaa lilianza jana asubuhi. Kipimajoto cha dirishani kilikuwa kinasoma nyuzi 27 chini ya sifuri, nami nimesimama mbele yake na jozi tatu za soksi miguuni, nakieleza yaliyo moyoni. Sikutukana. Nilisema tu kwamba hii si hali ya hewa, hii ni adhabu ya mtu mwingine iliyokosea mlango. Mama watoto akanitazama, akaweka kikombe chini taratibu, ule utaratibu wa mwanamke aliyekwisha kata shauri, kisha akaenda kuchukua daftari.

"Baba watoto, leo tuandikiane," akasema. "Ukiilalamikia baridi, naandika kulia. Ukiitajia zuri lake, naandika kushoto. Usiku tunajumlisha. Deni likibaki, kesho theluji ya mlangoni unaiondoa peke yako."

"Hata taa hutanishikia?"

"Hata taa."

Nikacheka. Nikamwambia, baridi yenyewe hii, nani atakosa...

"Moja," akaandika.

"Nimesema nini sasa?"

"Umesema 'baridi yenyewe hii'. Na umeivuta ile 'hii'."

Sifa ya kwanza ilikuwa nyepesi: mbu. Mbu hana joto lake mwenyewe, analikopa hewani, na hewa ikikosa cha kukopesha hata mabawa hayanyanyuki. Miezi hii yote nalala bila kuimbiwa sikioni wala kujipiga kofi usiku wa manane kwa kosa la mwingine. Mke wangu akaandika kushoto, tena akanisifia. Ningenyamaza hapo ningekuwa mbele. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikaongeza kwamba siku hizi hata mbu mmoja ningemkaribisha, tukae wawili tugawane joto. Kulia.

Halafu ikaja kazi ya kuvaa. Mtu ambaye hajaishi na baridi ya namna hii anadhani kuvaa ni kuvaa. Hapana. Kuvaa ni ujenzi. Unaanza na msingi, zile nguo za ndani zinazobana mpaka kifundoni, halafu shati, halafu sweta, halafu sweta la pili linalogombana na la kwanza mikononi, halafu suruali mbili, halafu koti, skafu, kofia, glavu. Ukimaliza huwezi kuinama. Kwa hiyo ukisahau kufunga kamba za buti, zimekwisha sahaulika. Utasubiri mtoto apite.

Nilimaliza. Nimekamilika, nimejaa mlango mzima. Nikashika kitasa. Mkojo huo hapo.

Sasa hili nalo nilidhani ni uchawi, maana lilinitokea kila siku. Kijana wetu wa sekondari ndiye aliyenifungua macho. Anasema mwili ukihisi baridi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisitoroke, damu ikakimbilia ndani. Ndani kukijaa, presha inapanda kidogo, na figo, ambazo haziulizi sababu, zinadhani maji yamezidi mwilini. Zinaanza kuyatoa. Yaani mimi ninaganda, na figo zangu zinaamini nina mafuriko. Nikabomoa nyumba yote niliyoijenga, sakafu kwa sakafu, nikaenda, nikarudi, nikaanza tena msingi. Katika kubomoa na kujenga nilitamka maneno manne. Mama watoto alikuwa nyuma ya mlango na kalamu.

"Nne, na lile la mwisho nalihesabu mara mbili."

Tano.

Kituo cha basi ndipo nilipojikomboa kidogo. Kwanza simu. Niliitoa mfukoni ikiwa na chaji zaidi ya nusu. Kabla sijamaliza kutafuta namba, kioo kikawa cheusi. Ndani ya betri kuna mambo yanayotakiwa kusafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kwenye baridi yanatembea kama ninavyotembea mimi nikiitwa kikaoni. Chaji haijapotea, ikipata joto inafufuka. Ila mpaka hapo, bosi akipiga hanipati, na huo uongo hata sikuutunga mimi. Nikaandika akilini: sifa.

Ya pili kituoni ni kubwa zaidi, na mpaka sasa naiona kuwa ndiyo hoja nzito kuliko zote kuhusu faida za majira haya. Kuna bwana mmoja ananidai. Kiangazi huwa nazunguka mitaa mitatu kumkwepa. Jana tulisimama bega kwa bega dakika ishirini nzima. Yeye kajifunga skafu mpaka machoni, mimi kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi; marundo mawili ya nguo yanasubiri basi. Nilimtambua kwa kikohozi. Yeye hakunitambua kabisa. Akanigeukia, akasema, "Leo imezidi, mzee wangu." Nikatikisa kichwa kwa heshima, maana sauti ingenitoa. Akaendelea kunieleza kwamba kuna mtu anamdai na hampati, na kwamba watu siku hizi hawana haya. Nikatikisa tena. Kwa huzuni.

Nilivyorudi jioni, hii ndiyo sifa niliyoitanguliza, nimeinogesha na mikono juu. Kijana akacheka hadi akaketi chini. Mama watoto hakucheka.

"Anakudai nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hilo deni yeye hakuwa analijua. Sifa aliipokea, akaiandika kushoto kama haki ilivyo. Kisha akafungua ukurasa mwingine, wa nyuma kabisa, akaandika kitu kirefu ambacho sikuonyeshwa.

Tukahamia kwenye jokofu. Sasa hivi nje ya dirisha ndiko kwenye jokofu letu: sufuria, birika, kila kitu kimepangwa kwenye kibaraza na hakuna umeme unaotumika. Hiyo ikakubaliwa. Nikajaribu kumsaidia kijana na masomo ili nionekane nina nia njema, akanipa moja bure: kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kipimo cha Selsiasi na kile cha Farenhaiti vinasoma namba ileile. Vipimo viwili vilivyobishana maisha yao yote, kimoja kinasema thelathini kingine kinasema themanini na sita kuhusu joto lilelile, vinakutana mahali pamoja tu duniani, nako ni kwenye mateso. Nikasema baridi inapatanisha. Kushoto.

Nikasema na samaki pia. Maji yana tabia ya ajabu: yakipoa, huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4 hivi, yakiendelea kupoa yanakuwa mepesi tena, na barafu inaelea. Ndiyo maana ziwa linaganda kuanzia juu, na samaki wako chini wanaendelea na shughuli zao chini ya bati la barafu. Kama barafu ingezama, ziwa lingeganda kutoka chini kwenda juu na samaki wangejikuta wamesukumwa mlangoni. Mke wangu akauliza hiyo ni sifa ya baridi au ya maji. Tukabishana robo saa. Akakubali, lakini kwa mwandiko mdogo.

Jua ndilo lililonimaliza. Sikutaka hata kulitaja. Kijana, bila kuombwa, akasema eti ni mwanzoni mwa Januari ambapo dunia huwa karibu zaidi na jua katika mwaka mzima, kama kilomita milioni 147, wakati Julai huwa kama milioni 152. Nikaweka kijiko chini. Yaani limesogea kilomita milioni tano kuja kwangu na bado kamasi zinaniganda puani? Hilo jua linakuja kufanya nini? Kuangalia? Kijana akasema tatizo si umbali, ni mwinamo. Dunia imeinama nyuzi 23 na kitu, na miezi hii nusu yetu imeelekezwa kando, miale inatufikia kwa ubavu na mchana unakatwa mfupi. Kumbe sisi ndio tuliolipa jua kisogo. Limekuja karibu, tumegeuka. Niliongea sana kuhusu hilo. Nilipomaliza, upande wa kulia ulikuwa umevuka ukurasa.

Mama watoto akaona anihurumie kwa mfano mwema. Akanisimulia habari za Wilson Bentley, mkulima wa jimbo la Vermont kule Marekani, ambaye Januari 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Halafu hakuacha. Alipiga zaidi ya 5,000 katika maisha yake, chembe zenye pembe sita sita kama zimedariziwa, anafanya kazi kwenye kibanda kisicho na moto ili zisiyeyuke. "Unaona?" akasema. "Huyo alikuwa na baridi ileile uliyonayo wewe. Yeye aliangalia vizuri."

Nikanyamaza, nikachukua simu iliyokwisha fufuka, nikasoma mpaka mwisho. Bentley alifariki Desemba 1931, kwa nimonia, baada ya kutembea kwa miguu katika dhoruba ya theluji.

"Mama watoto," nikasema, "huyo ndiye alikuwa rafiki yake! Kaipiga picha miaka arubaini na kitu, kaitangazia jina dunia nzima, na imemfanya hivyo. Mimi niliyeisema vibaya itanifanyaje?"

Kijana akasema ana swali. Akaambiwa akalale.

Nikajaribu Chester Greenwood. Huyu naye ni wa Marekani, jimbo la Maine. Mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 15, masikio yalimuuma kwenye barafu, akakunja waya, akamwomba bibi yake aushonee manyoya, ikapatikana kofia ya masikio tupu; hataza akaipata 1877. Bila baridi, nikasema, dunia ingekosa kitu hicho. Mke wangu akafikiri, akakataa. Hiyo ni sifa ya bibi, akasema. Bila baridi tusingekihitaji. Kusema kweli hoja yake ilikuwa na nguvu, na mimi nilikuwa nimechoka.

Ila kuna moja niliipata bila kutafuta. Hewa ya nje ikiwa na baridi kali inabeba unyevu mchache mno, ukiiingiza ndani na kuipasha moto inakuwa kavu kama unga. Kwenye ukavu huo sweta likisuguana na sweta, unatembea na umeme kama nguzo. Nilisimama kumpokea daftari ili nihakikishe hesabu, vidole vyetu vikagusana, tukasikia *pa!* Cheche ya kweli, ya buluu, wote wawili tukaruka.

Akashika kidole chake, akaanza kucheka. "Kumbe bado zipo," akasema.

Hiyo akaiandika kushoto mwenyewe. Mara mbili.

Tulipojumlisha, malalamiko yalikuwa 19, sifa 8. Nikasema tuwaache samaki wawe wawili, hakutaka.

Kabla ya kulala nilitoka kutupa takataka. Theluji mpya ilikuwa imeanguka, ile laini iliyojaa hewa katikati, inayomeza sauti kama godoro. Hakuna gari lililosikika, hakuna mbwa, hata ule muziki wa jirani wa juu haukusikika, ambao nilikuwa nimekwisha ukubali kama sehemu ya ukuta. Kilichosikika ni buti zangu tu, kwichi, kwichi, maana baridi ikizidi theluji haiteleziani tena, chembe zinavunjika chini ya kisigino. Kope zangu zilikuwa zimeshikana na sakitu. Malaika wa mkononi wamesimama wote ndani ya sweta mbili. Nikasimama. Sijui kwa muda gani. Mfuko wa takataka ulikuwa bado mkononi.

Hiyo ningeweza kuipeleka ndani ikapunguza deni. Lakini angeniuliza ilikuwaje mtu anayelalamika tangu alfajiri akasimama nje kwa hiari yake, nami jibu sikuwa nalo. Nikaingia kimya.

Nilikuwa nimekwisha jifukia chini ya mablanketi manne, nimebakiza pua tu, alipotoka kufunga mlango. Alikuja mbio kwa ncha za vidole, akajitupa kitandani, na kinywa chake, kinywa kilekile kilichonihukumu siku nzima, kikasema: "Uwii! Jamani baridi gani hii!"

Nikafunua blanketi. "Moja!"

"Moja nini?"

"Umeivuta ile 'hii'. Andika. Deni lako hilo, lipunguze langu."

Hakunijibu. Nikasikia kitu kama vipande viwili vya barafu vikitafuta njia gizani, vikagusa mashavu ya miguu yangu, vikasimama hapo. Nyayo zake.

"Futa," akasema.

"Sifuti. Haki ni haki."

Nyayo zikapanda mpaka nyuma ya magoti. Nikang'ata shuka. Zikapanda tena, polepole, zikafika mgongoni, zikaanza kuelekea mbavuni.

Nikafuta.