Msimpime bibi kwa shule aliyonyimwa

Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika sana katika kliniki za Marekani kinaitwa MoCA. Kilitungwa Montreal na kuchapishwa mwaka 2005. Mgonjwa anaunganisha namba na herufi kwa mstari, ananakili mchoro wa mchemraba, anachora uso wa saa, anatoa saba kwenye mia moja na kuendelea kushuka, anataja tarehe ya leo. Alama ni 30, na ukipata chini ya 26 wanaanza kukutilia shaka kwamba una ugonjwa wa kusahau. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja.

Alama moja! Mfikirieni bibi aliyezaliwa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, enzi ambazo binti alipewa jembe na kaka yake akapewa daftari. Vita vya 1996 vikamvusha Ziwa Tanganyika, akazeekea kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ndipo akaletwa Ohio, Marekani. Kalamu ameishika pale tu alipotakiwa kutia sahihi. Mchemraba wa karatasini kwake ni mistari iliyopishana. Hata siku yake ya kuzaliwa ni 1 Januari ya kuandikiwa, kama ilivyo kwa wakimbizi wengi. Akiambulia alama 14, daktari amejua nini kuhusu ubongo wake? Bibi huyo huyo anajua mjukuu yupi hali samaki, msiba wa nani haujachangiwa, na watoto wa marehemu dada yake walitawanyikia nchi zipi.

Naogopa pia kosa la upande wa pili, na hili tunalifanya wenyewe. Mama anaacha sufuria motoni mara kwa mara, anapotea njia ya kanisani, nasi tunasema ni uzee tu, au tunanong'ona kwamba karogwa. Tukifika hospitali, anayetafsiri ni mtoto wa darasa la sita. Mjukuu gani atamuuliza bibi yake kama anajikojolea, au kama anawaona watu waliokwisha kufa? Atauliza nusu, na jibu atalipunguza kwa heshima. Daktari ataandika kwamba hakuna tatizo.

Sheria ya afya ya Marekani ya 2010, kifungu cha 1557, inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Kanuni zake zinakataza kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura. Wengi wetu hatuijui haki hiyo, na wahudumu wenye haraka hawatukumbushi.

Halafu kuna suala la lugha yenyewe. Kwenye fomu ya bibi wa Fizi huandikwa "Kiswahili" na mambo yakaishia hapo. Lakini yeye kalelewa kwa Kibembe. Kiswahili kilikuja baadaye, sokoni na kambini. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi hutangulia kula lugha iliyokuja baadaye. Mzee anayenyamaza kwa Kiswahili huenda akaongea vizuri akipata mtu wa lugha ya mama yake.

Njia bora zipo. Sydney walitunga RUDAS, iliyochapishwa 2004 kwa ajili ya watu wa lugha na malezi tofauti: unakumbuka vitu vya dukani (chai, mafuta ya kupikia, mayai, sabuni), unaeleza utavukaje barabara yenye magari mengi. Hata hiyo ina mchemraba, lakini uzito wake uko kwenye maisha ya kila siku. Kwa wazee Waaborijini (wenyeji wa asili) wa Kimberley, Australia Magharibi, kilitengenezwa kipimo cha KICA, kinachotumia vitu vya kushikika kama kitana na kiberiti, na kuihoji familia pia. Kama Australia waliona haja hiyo, kliniki za miji ya Marekani iliyopokea Wakongo na Warundi hazina kisingizio.

Basi unapompangia mzee wako miadi, taja siku hiyo hiyo lugha yake ya kwanza na udai mkalimani mtu mzima. Uliza watatumia kipimo gani na kama kinamfaa asiyesoma. Kabla jina la ugonjwa halijaandikwa, omba wamchunguze masikio na macho, tezi ya shingo, vitamini B12, na huzuni, maana wazee hawa wamezika wengi, na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, nayo husahaulisha. Hiyo inatibika.