Usigawanye mshahara wa zamani kwa siku 22

Simu iliita nikiwa kwenye foleni ya wakala, nanunua umeme. "Dada, tunatafuta mtu wa kutufanyia tathmini ya mwisho ya mradi, vikundi vya akina mama Chamwino. Siku 15. Kwa siku unachukua shilingi ngapi?"

Miezi tisa ilikuwa imepita bila mtu kuniuliza bei. Januari 20, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mradi niliokuwa nikifanyia ufuatiliaji na tathmini ulifungwa hata kabla siku hizo hazijaisha. Toka hapo ikawa barua za maombi, usaili mara nne, kisha kimya.

Nikapiga hesabu palepale. Mshahara wangu ulikuwa milioni 2.2, gawanya kwa siku 22 za kazi. "Laki moja," nikasema. Akakubali kabla sijavuta pumzi.

Kazi ya siku 15 ikala siku 27. Hadidu za rejea, ile karatasi inayoeleza kazi yenyewe, hazikutaja rasimu ngapi za ripoti, nami sikuuliza. Nikaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika milioni 1.5 ikakatwa kodi ya zuio, ile anayoikata mteja kabla ya kukulipa, asilimia 5. Ukiigawanya iliyobaki kwa siku nilizofanya kazi kweli, haifiki 53,000 kwa siku. Na ilinifikia wiki kumi baada ya kupeleka ankara.

Sasa nasema hivi kwa kila anayeingia ushauri elekezi, yaani kazi za mkataba za kulipwa kwa siku, baada ya kusota: mshahara wa zamani si kipimo cha bei yako. Ulipokuwa umeajiriwa, asilimia 20 ya mshahara ilikwenda NSSF, mfuko wa pensheni, na angalau nusu yake ilitoka mfukoni mwa mwajiri. Bima ya afya alichangia. Likizo ulilipwa, ukiumwa ulilipwa, hata siku ya kukaa kwenye kikao kisicho na maana ulilipwa. Kompyuta na bando vilikuwa vya ofisi. Leo vyote ni vyako, na siku za kuandika maandiko ya zabuni hakuna anayezilipa. Mimi kwa mwezi nikiuza siku kumi nashukuru. Milioni 2.2 kwa siku kumi ni laki mbili na ishirini, na hapo hujagusa bima wala akiba ya uzeeni. Ndiyo maana sasa nataja laki tatu, na asilimia 30 nalipwa tukisaini mkataba.

Hesabu hii si ngumu, na mimi takwimu ndiyo kazi yangu. Kilichoniponza ni ile miezi tisa. Kukataliwa mfululizo kunakushusha bei ndani ya nafsi kabla mteja hajafungua mdomo, unafika mezani umeshajipunguza. Nawaomba mashirika nayo yaache kuvuna hapo. Anayekubali laki moja kwa haraka vile anajua anachokipata.

Mwezi uliopita walinipigia tena, kazi ileile, wilaya nyingine. Nikataja laki tatu. Yule kijana akasema, "Lakini dada, mwaka jana ulifanya kwa laki." Nikamwambia nilifanya, na sitarudia. Kodi ya nyumba ilikuwa imebakiza siku nne. Hadi leo hawajapiga.