Kuacha nyama Uingereza si sawa na kuacha nyama Tanzania

Mtu akikwambia hali nyama, muulize kwanza ameacha kwa sababu gani. Aliyeacha kwa dini, aliyeacha kwa huruma ya wanyama na aliyekatazwa na daktari hawapiki sufuria moja, hata kama wote watatu wanajiita wala mboga. Na sababu hizo zinabeba uzito tofauti kwetu na huku Uingereza.

Nyumbani sababu zinazokubalika bila mabishano ni tatu: dini, ugonjwa na mwiko wa ukoo. Msabato asiyekula nyama anaeleweka, ingawa kanisa lake linahimiza tu ulaji wa mboga na Wasabato wengi wanakula ng'ombe na samaki bila shida. Mhindu au Mjaini (mfuasi wa dini ya Jaini kutoka India) wa mtaa wa Kisutu, Dar, anaeleweka. Rasta anaeleweka. Mzee mwenye jongo ndiyo kabisa. Lakini sema "nimeamua tu", utaulizwa unaumwa nini, kisha utapakuliwa mchuzi wa nyama uliotolewa vipande na kuambiwa, "Haya, si nimekutolea nyama?"

Huku "nimeamua tu" ni sababu kamili. Chama cha wala mboga cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1847. Mwaka 1944 Donald Watson na wenzake wakajitenga kuunda chama cha vegani, yaani wasiogusa hata maziwa, mayai wala asali. Januari 2020 baraza la migogoro ya kazi la hapa liliamua kwamba uvegani wa kimaadili ni imani inayolindwa na Sheria ya Usawa ya 2010. Mwajiri asimfanyie mtu visa kwa ajili hiyo. Nyumbani bado tunabishana kama samaki ni nyama.

Sasa tuzipime sababu zenyewe, maana si zote zinasafiri vizuri.

Ya wanyama inasafiri vizuri kuliko tunavyokiri. Kuku wa nyama wa huku anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Vifaranga madume wa kuku wa mayai huuawa siku ya kwanza, kwa kuwa hawatagi na hawanenepi haraka. Hiyo ndiyo sababu ya vegani kukataa hata yai, jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni kujitesa. Tunajibu haraka kwamba kwetu kuku anajitafutia uani. Wa kienyeji, ndiyo. Wa kisasa anayeuzwa na mabanda ya chipsi ya Dar amekua kwa wiki zile zile, kwenye banda lile lile la msongamano, kwa hiyo tusiseme hoja hii ni ya wazungu.

Ya mazingira inahitaji tahadhari. Utafiti mkubwa wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama hutoa, kwa wastani wa dunia, kama kilo 50 za gesi joto, na za tofu kama kilo 2. Kwa mtu wa London anayekula soseji asubuhi, kuku mchana na nyama ya kusaga usiku, hesabu hiyo ina maana. Ukampelekee mfugaji wa Longido, ambako mvua haitoshi kuivisha mahindi na ng'ombe ndiye anayegeuza nyasi kuwa chakula, utakuwa unamtania. Na mtu anayeona nyama Idi, Krismasi na kwenye harusi hana cha kupunguza. Anayepaswa kusikia ni yule wa nyama choma kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Huyo nyumbani yupo, na anajijua.

Afya ndiyo sababu inayotajwa sana na kueleweka kidogo. Mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa kwa siku, kiasi cha soseji moja hivi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hapo sina ubishi. Lakini utafiti wa muda mrefu wa Oxford uliotoa matokeo mwaka 2019 ulikuta wala mboga wana ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22 na kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata utafiti huo huo ukaonyesha vegani wanavunjika mifupa zaidi. Kwa hiyo kuacha nyama peke yake si dawa. Chipsi na soda ni mlo wa vegani pia. Na kama umeacha kwa sababu ya lehemu (kolesteroli), ukapika kila siku kwa tui zito la kopo, umeondoa mafuta ya ng'ombe na kuyarudisha kwa mlango wa nyuma.

Iko sababu ya nne ambayo makala za wazungu hazina: halali. Mswahili Mwislamu anayekaa mji mdogo wa huku, mbali na bucha ya halali, anaagiza mlo wa mboga hospitalini, kazini na shuleni kwa watoto. Ni njia nzuri, ila ina tundu. Alama ya vegani inahusu wanyama tu, na pombe haihusiki. Mchuzi wa uyoga unaweza kuwa umepikwa na divai, na keki ikawa na vanila iliyotolewa kwa spiriti. Kinyume chake, lebo ya "mboga" isiyo ya vegani inaruhusu maziwa na mayai. Jelatini, ile gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, haimo katika zote mbili, na hilo linakuokoa kwenye peremende za watoto. Kwenye ndege, chagua msimbo wa mlo saa 24 kabla ya safari au mapema zaidi: VGML ni vegani, AVML ni mboga za Kihindi zenye viungo, MOML ni mlo wa Kiislamu. Mimi ningechukua AVML bila kufikiri mara mbili, kwani VGML mara nyingi huja bila ladha yoyote.

Baada ya sababu, jikoni. Na hapa msimamo wangu hauyumbi: anayeacha nyama akiwa huku apike kama nyumbani, na aache rafu ya nyama bandia kwa Waingereza. Wao wanaondoa kipande kikubwa katikati ya sahani, kwa hiyo wanatafuta kitu cha kukijaza. Sisi hatuna pengo hilo. Ugali na kunde, wali na maharage ya nazi, makande, mbaazi za nazi na mahamri, choroko, dengu, kisamvu cha karanga: milo mizima, iliyokuwepo kabla ya kampuni yoyote ya soya. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na kunde na maharage vinayo tele, ndiyo maana ugali na maharage vinashikana vizuri hivyo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15 za protini. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 45 kwa siku, na anazifikia kabla ya kugusa karanga.

Shida ni kwamba maharage ya huku yanakasirisha. Unayachemsha saa mbili na bado yanagonga meno. Kwanza, pakiti huenda imekaa rafuni muda mrefu mno. Pili, maji ya London na kusini-mashariki yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hukaza ganda. Loweka usiku kucha, kama saa 12, mwaga maji hayo, weka mapya pamoja na robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa nusu kilo. Ni kazi ile ile ya magadi kwenye makande. Ukizidisha, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive, maana uchachu nao unakaza. Chumvi haina kosa lolote, hata kwenye maji ya kulowekea. Ile imani ya bibi zetu kwamba chumvi inakaza maharage tuiache.

Maharage mekundu makubwa yana sumu yake ya asili. Lazima yachemke kwa moto mkali, mapovu yakirukaruka, dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Wengi huku wananunua sufuria za umeme za kupikia taratibu, wanatia maharage mabichi asubuhi na kwenda kazini. Joto la sufuria hizo huenda lisitoshe kuiua sumu, na punje nne au tano tu zinaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa tatu. Chemsha kwanza jikoni, kisha hamishia huko. Ya kopo yameshapikwa, hayana neno.

Kisamvu cha barafu cha maduka ya Kiafrika kipikwe kama cha nyumbani: sufuria wazi, muda wa kutosha, hewa yenye sumu ya sianidi itoke. Nyama ya soya ile ya vipande vikavu ichemshwe dakika 10 kwenye maji ya chumvi, ikamuliwe mpaka maji yaishe, ndipo iingie kwenye kitunguu na nyanya. Watu wanaodai haina ladha huwa hawajaikamua.

Lakini jiko la nyumbani lilikuwa likifanya kazi pamoja na vitu ambavyo hatukuwahi kuvihesabu, na vitu hivyo havikupanda ndege nasi. Jua, kwanza. Mwenye ngozi nyeusi huku Uingereza anashauriwa na huduma ya afya afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, si majira ya baridi tu. Hii inamhusu mla nyama pia, ila vegani hana hata yai wala samaki wa kumfichia pengo. Vitamini D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Vegani atafute ya kuvu-mwani au D2.

Chumvi ndiyo inayonishangaza kwa jinsi isivyozungumzwa. Nyumbani chumvi ya dukani huwekwa madini joto (ayodini) kwa sheria. Huku chumvi nyingi haina, na Mwingereza anapata madini joto yake kutoka kwenye maziwa na samaki. Ukiwa vegani huku umeondoa vyote viwili kwa mkupuo, na tezi ya shingo haina subira. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 140 kwa siku. Tafuta chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, au kidonge chenye kiasi hicho. Usikimbilie unga wa mwani mkubwa wa kelpu, kwani kipimo chake hakitabiriki na ukizidi unaharibu tezi ile ile. Mwani wa Zanzibar ni kitu kingine: huo huzalisha karajini, E407, kizito kinachowekwa kwenye baadhi ya maziwa ya mimea. Yaani akina mama wa Paje na Jambiani wamo ndani ya pakiti za vegani wa Ulaya, na hakuna anayewataja.

Na B12. Nyumbani dagaa kidogo, mtindi au chai ya maziwa vinaiziba nafasi bila mtu kujua. Hakuna mboga, uyoga wala spirulina (unga wa mwani mdogo) inayotoa ya kuaminika. Vegani ale vyakula vilivyoongezewa, angalau mikrogramu 3 kwa siku zikiwa zimegawanywa, au ameze kidonge cha mikrogramu 10 kila siku, au cha 2,000 mara moja kwa wiki. Ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo mtu anajiona mzima na kusambaza ushauri kwa wenzake, mpaka ganzi inapoanza miguuni. Foliki, vitamini nyingine ya kundi la B iliyomo kwenye mchicha na maharage, inaweza kuficha dalili kwenye damu huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Mama anayenyonyesha asicheze na hili hata siku moja.

Maziwa ya soya yasomwe nyuma ya pakiti: kalsiamu miligramu 120 kwa mililita 100 ndiyo kipimo cha kawaida. Yale yaliyoandikwa oganiki hapa kwa kawaida hayajaongezewa kitu, ingawa bei iko juu. Na pakiti itikiswe, kalsiamu hutuama chini.

Chapati maharage na chai ni kifungua kinywa kizuri chenye kosa moja: chai. Inazuia sehemu kubwa ya madini chuma ya maharage yasiingie mwilini. Chai inywe saa moja baada ya kula, weka chungwa au kachumbari yenye ndimu badala yake. Mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi anahitaji miligramu 14.8 za madini chuma kwa siku, mwanamume 8.7, kwa hiyo kosa hili linawaumiza akina mama zaidi.

Ukienda likizo nyumbani, sema mapema, kabla sufuria haijapanda jikoni, na umwambie mpishi mwenyewe. Taja vitu kwa majina: samli kwenye chapati, maziwa kwenye maandazi, kipande cha kiungo chenye ladha ya ng'ombe kwenye wali, dagaa waliosagwa kwenye mchicha, mafuta yaliyokaangia samaki. "Sili nyama" peke yake haiwafikishi huko. Usianze na gesi joto kwa shangazi; sema mwili wako haupatani nayo, au jitolee kupika mbaazi za watu wote. Na B12 beba ya kutosha kutoka huku. Duka la dawa la mtaani litakuuzia B-komplexi, yaani mchanganyiko wa vitamini za kundi la B, ambayo kiasi chake cha B12 hutofautiana kati ya pakiti na pakiti, kwa hiyo soma mgongoni kabla hujalipa.