Mvuke kwenye zege la kifusi, punguzeni papara

Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, saivi kila kona kuna lundo la kifusi, mtu kavunja ukuta wa zamani asimamishe fremu, mwingine msingi umepasuka, na vyote hivyo vinaenda kufukia korongo. Mi nakiokota. Nakibonda, nachekecha, natoa udongo na vipande vya jipsamu za dari (hizo ukiziacha zinakuja kukuharibia zege baadae), nafyatua pavingi na mifuniko ya mitaro. Simenti huku inatoka mbali na bei mnaijua wenyewe, bora kokoto iwe ya bure.

Sasa kumeingia stori ya mvuke. Tangu reli ya SGR ianze kusogea huku kwetu kila fundi anaongelea mataruma ya zege (ile mihimili inayolazwa chini ya reli), na kweli viwanda vingi vya mataruma vinatumia mvuke, jioni wanamwaga asubuhi wanafungua, kwa sababu joto linaharakisha simenti kufanya kazi na maji. Usiku mmoja unaweza kukupa zaidi ya nusu ya nguvu ambayo ungeingojea siku 28. Hapo sibishi, na mimi mwenye kalibu (fomu za kumwagia zege) 8 tu za mifuniko nilivutika vibaya mno.

Nikaazima pipa kwa mama mkwe, lile la kuchemshia mise za michikichi, nikaunga bomba, nikafunika na turubai. Saa kumi na moja jioni nimemwaga, saa kumi na mbili moto unawaka mpaka maji yanatokota, asubuhi nimefunua turubai na upepo wa ziwani unapiga. Mifuniko yote nyufa kama ramani, kona unazimega kwa kidole.

Kumbe zege lilikuwa bado bichi. Hewa na maji ndani vikipata moto vinatanuka na zege halijapata nguvu ya kuvizuia, afu nikamalizia kwa kulipiga baridi la ghafla. Siku hizi namwaga saa kumi na moja, naacha, moto nawasha saa tatu usiku, napandisha taratibu, lisizidi digrii 20 kwa saa, likifika 60 nashikilia hapo mpaka alfajiri. Sivuki 70 hata iweje, maana zege lililopikwa kwa moto mkali linaweza kuonekana zima kabisa, ila likikaa kwenye unyevu miezi au miaka linavimba kwa ndani na kupasuka, na mfuniko wa mtaro unakaa wapi kama sio kwenye unyevu? Asubuhi moto unazimika wenyewe, turubai siligusi mpaka lipoe, yaani hiyo "asubuhi unafungua" kwangu inakuwa karibu na mchana.

Kifusi nacho kina tabia yake. Kokoto ya mwamba kwa kawaida hainyonyi hata 2% ya uzito wake, ya kifusi inafika 5 na kupita kwa sababu imebeba ile plasta ya zamani, ni sponji. Ukiichanganya kavu inakunywa maji ya simenti, zege linakuwa gumu kwenye koleo, kijana anaongeza ndoo, na hapo nguvu imekwenda. Mi nailowesha toka jana yake, naiacha ichuje, naichanganya ikiwa na unyevu ndani ila juu haichuruziki. Yale maji iliyoyameza inayarudisha kidogokidogo zege likiwa linakomaa.

Msimamo wangu sasa, na najua kuna watakaonuna. Pavingi na tofali za kawaida hazihitaji mvuke. Mwagilia siku 7, funika na magunia, basi. Zege la mvuke linawahi, ila siku ya 28 lililolelewa kwa maji ndio linakuwa gumu zaidi, kwa sababu simenti iliyokimbizwa inajijenga ovyo na kuacha vitundu. Waliopima zege la kifusi Hong Kong walikuta hivyohivyo, siku ya kwanza mvuke unaongoza, mbele unaachwa, japo likikauka kusinyaa kwake kunapungua, na hiyo ni faida kweli. Kwahiyo kumaliza kuni eti pavingi za uani ziwahi Jumamosi naona ni uchizi. Mimi nachoma makapi ya mise, na ni kwa mifuniko tu, tena oda ikinibana masika.

Mama mkwe kashasema pipa likirudi linanuka simenti nisirudi nalo. Natafuta la kununua, mwenye nalo aniambie bei.