Naomba Msimvute Mzee Mkono

Nimefungua simu asubuhi hii nakuta grupu la familia limechafuka kwa shangwe, vikono vya kushukuru kibao, shangazi kaandika kwa herufi kubwa MUNGU MKUBWA MZEE ANAONGEA, na mimi niliyekesha na huyohuyo mzee ndo nakuwa mtu wa mwisho kupata taarifa. Nikageuka nikamwangalia. Kalala zake. Sasa kaongea na nani, saa ngapi, na mimi nilikuwa wapi?

Ngoja nieleze mara moja tu maana nimechoka kuhojiwa mmoja mmoja kama mtuhumiwa. Kiharusi kimempiga mzee upande wa kushoto wa ubongo, na ukipigwa huko ni mkono na mguu wa kulia ndo vinalala, halafu mambo ya kuongea nayo kwa watu wengi yanakaa hukohuko kushoto, kwa hiyo maneno yakaenda na maji. Ila yule mama wa mazoezi ya kuongea alinifafanulia kwamba vile vitu mtu kavizoea mpaka vinatoka vyenyewe, salamu, kuhesabu moja mbili tatu, nyimbo, matusi, hivyo mara nyingi vinabaki. Mzee wetu kabakiwa na marahaba. Kichwa kinauma? Marahaba. Nikugeuze? Marahaba. Nesi kamchoma sindano, kakunja uso, marahaba. Na anaelewa jamani, karibu kila kitu anaelewa, neno analo ila haliji, linakuja lile lile, unamwona kabisa anavyojikasirikia.

Sasa jana muda wa kuona wagonjwa akaingia baba mdogo.

Baba mdogo haingii wodini, anawasili. Kapita vitanda vyote anatoa pole kwa watu asiowajua, akafika kwetu, akavuta pumzi, akapiga kelele "KAKAAA! NI MIMI!" mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaitika. Nikamwambia kwa heshima zote, baba mdogo shikamoo, masikio ya mzee hayana tatizo. Akasema najua, "ILA LAZIMA UMCHANGAMSHE!" Halafu akamgeukia: "Shikamoo kaka." Mzee: "Marahaba."

Ndo nikakoma.

"Mbona anaongea?" Akanitazama kwa jicho la mtu aliyegundua wizi. "Mnasema haongei, mbona kaitika?" Nikaanza kueleza habari za ubongo, akaninyamazisha kwa kiganja, akauliza "Kaka, una kiu?" Mzee akasema marahaba. "Umeona! Ana kiu!" Huyo keshafungua chupa ya maji. Hapo ukutani juu ya kitanda kuna karatasi nimeibandika mwenyewe na maandishi yanaonekana toka mlangoni, ASIPEWE MAJI MEPESI, kwa sababu koo nalo limelegea, maji yanateleza yanaingia njia ya hewa yanashuka mapafuni, unapata nimonia wakati ulikuwa unapona, ndo maana anachanganyiwa na unga wa kuyafanya mazito na ananyweshwa kwa kijiko akiwa amekaa wima. Baba mdogo akaisoma ile karatasi kwa sauti. Akaishia kwenye maji. "Kwa hiyo kaka yangu mnamnyima maji." Wodi nzima ikaniangalia.

Chupa nikaichukua, nikaificha nyuma yangu, mtu mzima mimi.

Akaona basi atafute pa kukaa. Kiti ni kimoja, nikampisha, akaona mgongo haujakaa sawa, akavuta mto. Mito yote aliyoiona humo ndani akachagua ule uliolaza mkono wa kulia wa mzee, akauweka kiunoni kwake. Mkono ukaning'inia. Nikasema baba mdogo samahani, huo mto ni dawa. Akacheka. Nikamweleza kwamba bega lile misuli yake haishiki tena, mkono ukining'inia au ukivutwa mfupa unashuka kwenye fundo lake na maumivu yake hayaondoki leo wala kesho, ndo maana hata manesi wakimnyanyua hawamshiki kwapani wala kumvuta mkono. Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikajua kanielewa, nikaanza hata kumpenda kidogo. Kumbe alikuwa anasubiri nimalize. Akasimama, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, "huu unataka kunyooshwa tu damu itembee," AKAUVUTA.

Mzee akafumbua macho yote mawili. Akamtazama mdogo wake. Na kwa sauti ileile ya zamani, ile iliyokuwa inatutoa nje tukiwa watoto, akasema:

"PUMBAVU!"

Limenyooka, halina kigugumizi. Nesi akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka, alipoelewa akafurahi mpaka akasahau kutugombeza, kasema atamwambia yule mama wa mazoezi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Na baba mdogo? Akapiga magoti akaanza kulia kwa furaha. Sasa ndo naelewa hilo grupu. Kaandika "nimetoka kwa kaka, nimeongea naye vizuri kabisa." Neno lenyewe kalificha.

Anaondoka ananiwekea mkono begani ananiambia, "mwangalie baba yako, usiwaachie manesi kila kitu."

Mimi. Mimi huyu. Kila masaa mawili usiku namgeuza mzee ubavu asipate vidonda vya kulalia, alamu inalia nageuza, inalia nageuza, yule mwanaume ni mrefu na ni mzito na upande mmoja hausaidii kitu, asubuhi namwogesha, nampiga mswaki, mazoezi ya vidole, kijiko kimoja cha maji mazito dakika nzima, halafu mtu kaja robo saa kaniachia na maagizo. Ndugu zangu wenyewe "tuko pamoja" wanaandika. Pamoja wapi? Mbona mi sijawaona, au mko chini ya kitanda? Mgongo wangu wa kugeuza nani? Dokta kasema miezi ya mwanzo ndo mabadiliko makubwa yanaonekana, baadaye yanaendelea ila taratibu, na mi nikajikuta namuuliza taratibu kiasi gani, akasema inategemea. Kila kitu hospitali kinategemea.

Na huyo dokta kumpata ni shughuli. Raundi ina akili yake, inajua ukienda chooni. Kaa pale toka alfajiri hakuna mtu, kanyanyue mguu tu, ukirudi faili limeshaandikwa, mwandiko haukubali kusomwa, na nesi anakuambia "kasema muendelee hivyohivyo." Hivyohivyo vipi?

Tangu asubuhi sasa wanapiga simu kila mtu aongee na mzee. Namwekea sikioni. Shangazi kamsalimia, kajibiwa marahaba, kalia. Binamu kajibiwa marahaba, kalia. Kuna mmoja kamuuliza kabisa kama ile hela aliyomkopa ameshamsamehe, mzee akasema marahaba, na huyo keshakata simu fasta kabla mtu hajaingilia. Nimeisevu namba yake.

Charji yenyewe imebaki kidogo kwa simu hizo, na chaja yangu kaiazima yule kijana anayemuuguza babu wa kitanda cha dirishani, kaniambia dakika tano, ni tangu juzi, na soketi inayofanya kazi humu ndani ni moja na iko kwake, nikimwangalia anajifanya kalala, anakoroma huku dole gumba linacheza kwenye skrini