Kimya si utulivu

Namshukuru mwandishi wa makala ninayoijibu hapa kwa kutueleza asili ya neno la Kiingereza "silence", ila sikubaliani naye anapolifasiri kuwa "utulivu". Neno hilo liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni "silentium" la Kilatini, linalohusiana na kitenzi "silere", yaani kuwa kimya. Utulivu una neno lake, "quiet", ambalo mzizi wake wa Kilatini, "quies", maana yake ni mapumziko.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Warumi wa kale walikuwa na kitenzi cha pili, "tacere", kilichomhusu hasa mtu aliyefunga mdomo ilhali angeweza kusema, wakati "silere" kiliweza kutumika hata kwa usiku au upepo. Sisi nasi tunayo tofauti inayokaribia hiyo, na inanisikitisha kuona tunaipoteza. Jana usiku umeme ulipokatika hapa Sinza, feni ilizunguka taratibu mpaka ikasimama, friji ikaacha kunguruma, na kukawa kimya. Nisingesema kwamba nyumba imenyamaza, kwa sababu anayenyamaza ni mwenye sauti, kama mtoto aliyekuwa akilia (ndiyo maana tunambembeleza kwa kumwambia "nyamaza"). Wala sikuwa na utulivu wowote, kwani nilikuwa nikiwawazia samaki niliowanunua Feri asubuhi.

Namwomba mhariri aondoe neno "utulivu" katika kichwa cha makala hiyo, aweke "ukimya".